Kadi Ipo, Karatasi Haipo: Nani Anastahili Kura Nachingwea na Ruangwa?

Tarehe 28 Oktoba 2020, mpiga kura wa Jimbo la Ruangwa aliyejihimu asubuhi kwenda kituoni alipewa karatasi ya kumchagua rais, lakini ya mbunge hakupewa. Hakukosea kituo, na jina lake lilikuwamo daftarini. Ni kwamba tangu Agosti, siku za uteuzi, mgombea wa CCM, Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alikwishatangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Katika jimbo jirani la Mtama, Nape Nnauye naye alikuwa amepita vivyo hivyo. Nchi nzima majimbo ya namna hiyo yalizidi ishirini, yote ya chama kimoja.

Naanza na karatasi hiyo isiyokuwapo kwa sababu mjadala wa kama kila mtu awe na haki ya kupiga kura huanzia kwingine kabisa. Huanzia kwa mpiga kura mwenyewe. Amesoma? Anajua anachokichagua, au anafuata kofia na fulana? Mfungwa je? Na kijana wa juzi, na Mtanzania anayeishi Muscat? Ni maswali ya haki, na nitayapitia. Lakini ukiyatazama ukiwa upande huu wa Lindi, unaanza kushuku kwamba kwa zaidi ya miaka sabini tumekuwa tukimhoji mtu ambaye siye.

Turudi nyuma hadi miaka ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, iliamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ikalazwa kwa matrekta, mji wa Nachingwea ukachipuka, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikavutwa kutoka pwani. Karanga hazikuitika. Januari 1951 mpango ukafutwa ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi, na reli yenyewe ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa Kusini wakitaja reli hiyo hadi leo huitaja kwa uchungu.

Sasa angalia nani aliweza kulalamika mbele ya nani. Mlipa kodi wa Uingereza alikasirika, na hasira yake ilikuwa na mahali pa kwenda. Waziri wa Chakula, John Strachey, alibanwa bungeni London, magazeti yakamsulubu, na karanga za Tanganyika zikawa fimbo ya wapinzani dhidi ya chama chake. Mmwera wa Nachingwea ambaye msitu wake ndio uliofyekwa hakuwa na pa kumbana mtu. Mpango ulipoanza, Baraza la Kutunga Sheria mjini Dar es Salaam lilikuwa na Waafrika wawili tu, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukumani na Chifu Abdiel Shangali wa Uchagani, wote wameteuliwa na gavana mwaka 1945. Kusini hakukuwa na mtu. Mwenye hasara ya fedha alikuwa na kura, mwenye hasara ya ardhi hakuwa nayo.

Kwangu mimi hoja kuu ya kura kwa wote imo hapo, na haihitaji kumsifu mpiga kura kuwa ni mwenye hekima. Inatosha kwamba uamuzi utamwangukia yeye. Anayeamua mambo ya watu wasioweza kumwondoa hana sababu ya kuwauliza, na kwa kawaida hawaulizi.

Wakoloni walipokubali hatimaye kura ipanuliwe, waliipanua kwa mizani ya kustahili. Uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959 ulimtaka mpiga kura awe na miaka 21, pamoja na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, sawa na shilingi 3,000, au cheo kinachotambulika. Kisha akawekewa sharti jingine: kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Hiyo ndiyo kura tatu. Waliojiandikisha nchi nzima hawakufika hata elfu sitini. Jiulize ni wanawake wangapi wa Nachingwea wa wakati ule waliokuwa na darasa la nane au shilingi 3,000. Mkulima wa mihogo na mtama hakuhitaji kuambiwa kwamba hatakiwi, mizani ilikwishamwambia.

Kura tatu nusura iipasue TANU, chama cha kudai uhuru. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, wengi waliona aibu kushiriki uchaguzi wa namna ile. Nyerere akawashawishi waingie, na wakaingia. Zuberi Mtemvu akaondoka na kuanzisha chama chake. Historia imempa Nyerere haki kwa hesabu ya matokeo, maana TANU ilishinda. Mtemvu naye hakuwa mpuuzi. Alichokisema ni kwamba ukikubali mizani ya mtu mwingine hata siku moja, umekubali kuwa yeye ndiye mwenye kupima. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulilegeza masharti: ukijua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au ukiwa na kipato cha pauni 75, unatosha. Daftari likapanda hadi karibu watu laki tisa. Na Novemba 1962, nchi ilipomchagua rais wake wa kwanza, mizani ya kipato na shule ilikuwa imeondoka. Mtemvu alisimama kupambana na Nyerere, akapata kura zipatazo 21,000 dhidi ya zaidi ya milioni moja na laki moja.

Kenya ilipimwa kwa mizani ya ajabu zaidi. Katika uchaguzi wa Machi 1957 Mwafrika mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili au hata tatu, kutegemea elimu yake, mali yake, umri wake na utumishi wake. Zanzibar mwaka huohuo waliruhusiwa wanaume tu, tena wenye sifa maalumu. Mawazo hayo hayakubuniwa Nairobi. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alikwishaandika mwaka 1861 kwamba kila mtu apige kura, lakini msomi apewe kura zaidi ya moja. Na wapo hadi leo: Mmarekani Jason Brennan alitoa kitabu mwaka 2016 akitetea utawala wa wenye maarifa. Ukiwasikiliza vijana wa chuo kikuu wa Dar es Salaam baada ya kila uchaguzi, utawasikia wakisema jambo lilelile kwa maneno makali zaidi: watu wa vijijini ndio wanaotuangusha.

Kwa hiyo hoja ya ujinga tuipime kwa watu wanaosingiziwa ujinga huo. Nachingwea, Ruangwa na Liwale wana chama kikuu chao cha ushirika, RUNALI, na kwa miaka mingi korosho zao zimeuzwa kwa mnada unaofanyika vijijini, mbele ya wenye mali. Watu hukaa chini ya miembe, wengine kwenye mabenchi ya shule, kina mama na khanga zao upande mmoja. Barua za wanunuzi hufunguliwa na kusomwa moja moja: kampuni fulani, kilo kadhaa, bei kadhaa, mpaka ijulikane bei ya juu na bei ya chini. Hapo utawaona wazee ambao shule waliishia darasa la nne wakipiga hesabu kichwani. Toa ushuru wa halmashauri, toa wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, toa wa chama kikuu, toa ghala na usafiri, bakia nini? Bei ya msimu uliopita ilikuwaje? Majirani zetu wa Newala na Tandahimba wameuza ngapi wiki hii? Wakiridhika wanasema wamekubali. Wasiporidhika wanakataa, na mzigo unabaki ghalani kusubiri mnada mwingine. Siku hizi mauzo yamehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, lakini desturi ya kukubali na kukataa watu wanayo.

Msimu wa 2018 walikataa kweli kweli. Wakulima wa Kusini walizigomea bei za minada ya Oktoba, serikali ikawapa wanunuzi muda, kisha Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali yenyewe itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Malipo yakachelewa, uhakiki wa mashamba ukawa mrefu, wengine wakahaha. Miezi michache kabla, Juni mwaka huohuo, Bunge lilikuwa limebadili sheria ili fedha ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje iende yote Mfuko Mkuu wa Hazina, wakati awali sehemu kubwa ilirudi kwenye zao lenyewe. Wabunge wa Kusini walipinga, wakashindwa.

Hesabu miaka. Hayo yote yalitokea 2018. Uchaguzi uliofuata ulikuwa 2020. Ndiyo kusema nafasi ya kwanza ya mkulima wa Ruangwa au wa Mtama kumwambia mbunge wake "umenitetea" au "hukunitetea" ndiyo nafasi ambayo karatasi haikuwapo. Aliyeweza kukataa bei mbele ya mnunuzi hakupewa pa kukataa wala pa kukubali mbele ya mwakilishi wake. Huyo si mtu aliyekosa maarifa.

Nisieleweke vibaya kuhusu Majaliwa. Inawezekana kabisa angeshinda kwa kishindo. Alikuwa mtoto wa nyumbani na mkuu wa shughuli za serikali, jimbo lake lilipata barabara na majengo, na timu ya Namungo ilipopanda Ligi Kuu uwanja wake ulibeba jina la Majaliwa. Lakini kupita bila kupingwa kulimnyima hata yeye kipimo. Aliongoza jimbo hadi 2025, na kwa kipindi chake cha mwisho hakuna anayejua wangapi walimtaka.

Hoja ya pili dhidi ya kura kwa wote ni umaskini: maskini atauza kura yake kwa kilo ya sukari. Watu wa korosho wanaielewa hoja hii kuliko wengi, kwa sababu wana jina la kitu kama hicho. Kati ya Januari na Aprili, akiba ya chakula imekwisha na mavuno yako mbali, hupita mtu akinunua korosho kabla hazijavunwa kwa bei ya kutupwa. Hiyo ni kangomba, na kura ya fulana na pishi ya mchele ni kangomba vilevile: unauza kwa njaa ya leo kitu ambacho kingekulisha miaka mitano. Ila hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba mkulima aliyeuza kangomba anyang'anywe mikorosho. Aliyeandamwa zaidi ni mnunuzi. Kwenye siasa sisi tulikwenda kinyume: mwaka 2000 Bunge liliingiza takrima kwenye sheria ya uchaguzi, mgombea akaruhusiwa kukirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa Kiafrika, mpaka Aprili 2006 Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo baada ya mashirika ya haki za binadamu kufungua shauri. Kwa miaka ile yote sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa na njaa.

Na kwamba wengi hawajui linalowafaa, Tanzania ina kisa chake ambacho wapenzi wa "wenye maarifa" hukitaja kwa raha. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi kuuliza watu kuhusu mfumo wa vyama, kama asilimia 77 walisema chama kimoja kibaki. Serikali ikafuata asilimia 20 na kitu, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Je, si ushahidi kwamba wachache waliona mbali? Pengine. Mimi naona jingine. Watu walioulizwa walikuwa wameishi karibu miaka thelathini bila kuona jibu la pili likifanya kazi, na waliulizwa na tume iliyoundwa na serikali ya jibu la kwanza.

Maana kipindi cha chama kimoja nacho kilikuwa na kura kwa wote. Kuanzia 1965, wagombea wawili wa TANU walisimama jimboni, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine nyumba, na asiyejua kusoma aliweza kuchagua kwa picha. Ulikuwa uchaguzi wenye meno kwa kiasi chake: mawaziri walianguka, na Bibi Titi Mohamed, sauti kubwa ya TANU tangu miaka ya 1950, alipoteza kiti chake cha Rufiji mwaka ule wa kwanza. Kwa rais ilikuwa ndiyo au hapana. Lakini kuna mambo ambayo kura ile haikuyagusa. Kusini ndiko watu walikohamishiwa vijiji vya ujamaa mapema na kwa wingi. Walihama na kuacha mikorosho yao mbali, isiyopaliliwa, ikamezwa na vichaka na moto. Korosho za Tanzania zilikuwa tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 30,000. Wakulima walipiga kura 1970 na wakapiga 1975. Hakuna karatasi iliyowauliza kuhusu kuhama.

Kura bila nafasi ya kukataa inaweza kuwa ya kila mtu na bado isimsaidie mtu. Visiwani walijifunza somo la aina nyingine: Julai 1963, kura ya wote ilipowahusu wanawake na wanaume, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 kati ya 31. Kilichofuata Januari 1964 ni mapinduzi.

Kuna jambo jingine Nachingwea inalijua ambalo miji mingi haijui. Kuanzia 1965 hapo palikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na Samora Machel aliishi na kufundisha hapo. Waliotoka ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wamekimbia utawala uliopima ustahili kwa ukali kuliko Waingereza. Hadi 1961 Mreno alimtaka Mwafrika wa Msumbiji awe "aliyestaarabika" kwanza ndipo ahesabiwe raia: aseme Kireno, awe na kipato, aache mila, aishi kama Mreno. Waliofaulu mtihani huo walikuwa kiduchu. Waliofeli wakashika bunduki, na uhuru ukaja Juni 1975. Kwa haki ya kusimulia, chama kilichotokea Nachingwea nacho kilitawala peke yake, na Wamsumbiji walisubiri hadi 1994 kupiga kura yenye vyama zaidi ya kimoja.

Uraia, basi, ni mpaka wa kweli wa kura, na ndio mpaka unaoumiza watu wa ukanda huu. Wamakonde waliotoka Msumbiji na Kusini mwa Tanganyika kwenda kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya walikaa huko vizazi kadhaa bila kitambulisho. Wajukuu walizaliwa Kwale, wakasoma Kwale, na siku ya uchaguzi wakabaki nyumbani. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na kabla mwaka haujaisha serikali ya Uhuru Kenyatta ikaanza kuwapa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43. Agosti 2017 walikuwa kwenye foleni. Sidhani kama kuna Mkenya anayeweza kusema nchi yake iliharibika kwa sababu hiyo. Tanzania nayo iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972 na uzao wao, jambo ambalo tungelisifia zaidi kama lingefanywa na Wazungu.

Kuhusu umri nitasema machache. Katiba ya 1977, ibara ya 5, inampa kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Kwa Wamwera, Wamakua na Wayao mtoto akitoka jandoni au unyagoni amekwisha kuwa mtu mzima wa aina fulani, mara nyingi kabla hajamaliza shule ya msingi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, mpaka Mahakama ya Rufani ilipokubaliana mwaka 2019 na Mahakama Kuu kwamba kifungu hicho kinavunja Katiba. Kwa hiyo tulikuwa na mke asiyeweza kupiga kura lakini aliyeweza kuzaa mpiga kura. Miaka 18 inatosha. Tusiishushe wala tusiipandishe.

Wafungwa wana hadithi mpya zaidi. Sheria ilimzuia kupiga kura mtu aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi sita. Tito Magoti na John Tulla walilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu, na Desemba 2022 mahakama ikasema zuio hilo pana mno, halipatani na Katiba, kwa kuwa Katiba yenyewe inataka makosa yatajwe. Katika uandikishaji wa mwaka 2024, vituo viliwekwa magerezani kwa ajili ya mahabusu na wafungwa wa vifungo vifupi. Nakubaliana na hukumu ile moja kwa moja. Mwizi wa kuku bado ataamuliwa bei ya sembe na serikali ileile. Kinachonitia shaka ni kituturi kilichomo ndani ya gereza, na nani anayesimama karibu nacho.

Walio ughaibuni ninawapa nusu. Mkenya wa Dubai alimpigia rais kura mwaka 2022; Mtanzania wa Muscat hawezi. Kumchagua rais ni haki yake, hasa kwa fedha anazotuma nyumbani. Diwani wa Mnacho au wa Naipanga amwachie anayechota maji ya huko.

Narudi kwenye uteuzi, kwa sababu naona kura za wote hupotelea huko. Angalia lilikokwenda sharti la kusoma na kuandika. Mwaka 1962 lilimwondokea mpiga kura. Mwaka 2019, kwenye uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa, lilionekana tena kwenye fomu ya mgombea: maelfu ya wagombea wa upinzani walienguliwa, wengi kwa makosa ya kujaza, herufi, tarehe, mihuri. Vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Sheria ya ubunge si ngumu: wadhamini 25 waliojiandikisha jimboni, dhamana ya shilingi 50,000, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Anayeona wapinzani wote wa nchi nzima hawajui kujaza ukurasa huo wakati wagombea wa chama kimoja wote wanajua, ana imani kubwa kuliko yangu.

Baada ya 2020 sheria ilirekebishwa, na hapa serikali inastahili pongezi. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024, na katika sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka huo, mgombea akibaki peke yake anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Yaliyotokea Ruangwa 2020 hayatarudi kwa sura ileile. Karatasi ipo. Tatizo ni kwamba 2024 nako wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, na matokeo yakawa tena kama asilimia 99.

Kisha likaja Oktoba 29, 2025. CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini. Mgombea urais wa ACT Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Matokeo rasmi yalimpa Rais Samia Suluhu Hassan asilimia 97.66. Siku ya kura watu waliuawa mijini, intaneti ikazimwa, na waangalizi wa SADC wakaandika kwamba wapiga kura hawakuweza kuonyesha matakwa yao. Siku hiyo haki ya kupiga kura ilikuwa ya karibu kila mtu mzima wa nchi hii, daftari likiwa na zaidi ya watu milioni 37. Hakuna mkoloni aliyeliota daftari hilo.

Kuna mahali pamoja ambapo kura ya Nachingwea na Ruangwa bado ina uzito wa kushikika, nako ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 ni mjumbe. Haulizwi cheti wala mali. Mkutano unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, usomewe mapato na matumizi, na ardhi ya kijiji haigawiwi bila kupita hapo. Ruangwa ina madini ya kinywe, na wawekezaji wanayataka. Kijiji ambacho mkutano wake unakaa kweli, mtendaji anasoma hesabu na mwanamke aliye nyuma anainua mkono na kusema hapana, kina ulinzi ambao hakuna mbunge atakayeuleta. Kijiji ambacho mkutano hukaa kwenye karatasi za mtendaji pekee hakina.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la awali ni ndiyo: kila raia mtu mzima, aliyesoma na asiyesoma, aliye huru na aliyefungwa. Mizani ihamishiwe kwenye fomu za uteuzi, kwa wanaozipokea na wanaozikataa. Na iwapo mtu wa Ruangwa anataka kumsimamisha jirani yake ambaye hana chama, apewe nafasi hiyo. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hilo kortini tangu miaka ya 1990, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki yake na kuitaka Tanzania ibadili sheria. Mtikila alifariki mwaka 2015. Sheria haijabadilishwa.